Ndoo Mbili Nyuma ya Mlango

Nilichoka kabla mgeni hajafika. Ninachokikumbuka kwanza ni mimi nimekaa kwenye kigoda uani kwangu, Ng'ambo, Tabora, miguu ndani ya beseni la maji, na mbele yangu ndoo kumi za asali zikisubiri kufutwa. Maandalizi ya namna hii nilikuwa nimeyafanya mara nyingi mno. Mteja mpya anapiga simu, anauliza maswali mazuri, anasema anakuja kuona. Unapiga deki, unaazima vikombe, unanunua soda. Anakuja, anaonja, anasifia, anaondoka na kichupa cha bure, na humsikii tena. Nyumba yangu haiko mbali na njia ya zamani ya kwenda Ujiji, na wageni wamekuwa wakipita hapa kuulizia bidhaa tangu enzi za misafara. Ungedhani tungekuwa tumeshazoea.

Safari hii sikuwa na nafasi ya kushindwa. Mteja alikuwa mwanamke mwenye kiwanda kidogo cha mikate na biskuti huko Mwanza, na alitaka asali ya kila mwezi, mwaka mzima. Akikubali, ningeendelea na kazi yangu ya kununua asali kwa wafugaji nyuki na kuiuza. Akikataa, ningerudi Usoke kulima tumbaku na kaka yangu. Kaka alikuwa ameshanitengea hata kitalu cha miche. Aliniambia kwa upendo, nami nikamshukuru kwa upendo, kisha nikakata simu nikalia. Nimezaliwa kwenye tumbaku. Nilifunga majani kwenye vijiti kabla sijajua kusoma, na nilikuwa nikimsaidia mama kuchochea moto wa bani, ile nyumba ya kukaushia, mpaka macho yanavimba kwa moshi. Nilipoondoka Usoke miaka kumi na mitano iliyopita niliapa kwamba jani lile sitalishika tena. Asali ndiyo iliyonitoa.

Mwaka ule wafugaji nyuki walirina sana, na chumba changu cha stoo hakikutosha. Kaka akanipa ghala lake, kwa kuwa masoko ya tumbaku yalikuwa yamekwisha na lilikuwa tupu. Ghala zuri, kavu, lina bati zima na kufuli. Ndoo kumi zikakaa humo miezi miwili; zilizobaki stoo niliziuza rejareja. Mifuniko ya ndoo ilikuwa imepasuka, tukafunika kwa vitambaa safi vya pamba na kuvifunga kwa kamba. Mimi, kaka na wifi tulizikagua mara ngapi sijui, na hakuna aliyeona ubaya wowote.

Zilipofika Tabora kwa pikapu nikanunua mifuniko mipya, nikazisugua ndoo zote kwa maji ya moto hadi ngozi ya vidole ikabanduka. Nikatoa kwenye sanduku la marehemu mama doti ya kanga ambayo huwa naivaa harusini tu. Binti yangu anayesoma Dodoma alinipigia kila jioni kunipa masomo.

"Mama, usiongee sana. Mwache yeye aulize. Na usianze habari za matatizo."

"Matatizo gani?"

"Yoyote, mama. Wewe unayapenda."

Siku moja kabla ya mgeni, akaja mfugaji nyuki wa Ulyankulu, mtu mpole ambaye wazazi wake walitoka Burundi, amefunga ndoo mbili nyuma ya baiskeli. Huyu hajawahi kuweka asali yake kwenye ghala la mtu. Akirina, analeta mwenyewe mpaka mlangoni kwangu. Siku nyingine ningefurahi, lakini ndoo zake zilikuwa zile za mafuta ya kula, maandishi yamebanduka nusu, vumbi hadi kwenye mshikio.

"Si ungeleta wiki ijayo?" nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Nimerina juzi, mama. Nikae nayo ya nini?"

Nikampa maji ya kunywa, akaondoka. Ndoo zake nikazisukumia nyuma ya mlango wa stoo ili mgeni asizione.

Mgeni alifika saa nne asubuhi. Kwenye simu alikuwa na sauti nzito ya kibosi, na mimi nilikuwa nimejiandaa kumwamkia. Akashuka kwenye gari msichana wa umri wa miaka thelathini hivi, akapiga goti kidogo, "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba huku nikijicheka moyoni. Alikataa soda, akaomba kijiko.

Hakuonja kwanza. Alinusa. Akafungua ndoo ya pili, akanusa. Kwenye ya tatu akanitazama.

"Mama, kuna mtu anavuta sigara humu ndani?"

"Hakuna. Nyumba hii havuti mtu."

"Basi hii asali imekaa na tumbaku."

Hasira ikanipanda. Nikamwambia asali ile imetoka msituni, kwenye miombo, na tumbaku mimi niliikimbia. Nikachukua kijiko nikanusa mwenyewe. Ilikuwa asali, tena nzuri. Nikamwita jirani yangu, mzaliwa wa Urambo, mtoto wa tumbaku kama mimi, aje awe shahidi. Akanusa ndoo tatu bila haraka, akatamka kwamba hajawahi kuona asali safi kama ile. Yule msichana akatutazama mimi na jirani, mmoja baada ya mwingine, kwa huruma.

Hapo ndipo nilipolikumbuka ghala. Tangu kaka alijenge, kila msimu linajazwa tumbaku hadi darini, na asali huvuta harufu ya kila kilicho jirani nayo. Mtoto wa mjini angesikia harufu ile kabla hajafika mlangoni. Sisi tuliozaliwa nayo tuliingia na kutoka miezi miwili tukisifia kufuli. Niliona aibu, na zaidi ya aibu nilihisi uchovu, ule wa kutamani kulala hapohapo kwenye sakafu niliyoipiga deki. Nikamweleza yote. Mafundisho ya binti yangu yaliishia hapo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole. "Na zile nyuma ya mlango?"

Nikazivuta, huku nikiomba radhi kwa vumbi. Akafungua, akanusa, na safari hii akaonja. Akaonja tena.

"Hii ndiyo niliyoifuata," akasema. "Ziko ngapi?"

"Mbili tu."

Akazichukua zote mbili. Kuhusu mkataba wa mwaka mzima, alisema tutaongea nikipata nyingine ambayo haijapita ghalani. Alisema kwa heshima, lakini hakuahidi kitu, na wote wawili tulijua kwamba msimu mkubwa wa kurina ulikuwa umekwisha.

Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Sijui nini kilinisukuma kumuuliza.

"Na mimi je? Nanuka?"

Akainama kidogo karibu na bega langu, kama mtu anayeaga.

"Iko kwenye kanga, mama. Kidogo."

Alipoondoka nilimpigia kaka, nikamwambia kile kitalu changu asikipande kwanza, asubiri kidogo. Akaniuliza kidogo ni muda gani, nikamwambia nitampigia. Kisha nikaichukua ile doti nikaifua mara tatu, nikaianika juani, na ilipokauka nikamwita jirani aje ainuse.

Akaizamisha pua kabisa, akasema inanukia sabuni tu. Nilitaka sana kumwamini. Lakini naye ni wa Urambo.