Kompyuta Iliyoatamia Mayai

Mtaa mzima ulimwita Profesa, ingawa chuo kikuu alikiona siku alipokwenda kukitengenezea printa. Alikuwa fundi wa kompyuta, na penzi lake la pili (la kwanza ni mkewe, hasa mkewe akiwa karibu anasikia) lilikuwa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, bahili kama shemeji mwenye duka.

Pembeni mwa sebule alikuwa na kompyuta kuukuu iliyozisaka namba hizo kutwa kucha. Ilitumia maktaba ya programu huria, yaani rundo la mbinu za hesabu zilizoandikwa na watu wa kila pembe ya dunia. Unachota bure, na ukiona panapovuja unaziba. Kila wiki wenzake wa mtandaoni, wasaka namba kama yeye, walimgawia fungu lake la namba za kukagua, na mashine ikihema, moto kama pasi.

Mkewe hakuwa na haja na namba. Kuku wake alipoyasusa mayai, aliyapanga kikapuni, akayafunika kitambaa, akakitua kikapu juu ya kompyuta.

"Hatimaye imepata kazi," alisema.

Vifaranga walikuwa wameanza kulia ndani ya mayai, ndipo Profesa akajaliwa akili. Aligundua njia mpya ya kuzidisha namba ndefu, akaitia kwenye maktaba, akawatumia wenzake. Sifa zikamiminika. Fungu la wiki nzima likaisha chai haijapoa, feni ikanyamaza, naye akavimba kichwa hadi mlango ukawa mwembamba.

Mkewe akatoka jikoni, akagusa kikapu.

"Baba watoto! Mbona mayai yamepoa?"

"Mama watoto, nimeharakisha hesabu! Dunia nzima inanisifu!"

"Dunia inaatamia? Rudisha moto!"

"Kazi imeisha. Fungu jingine wiki ijayo."

"Rudia hilo hilo."

"Nirudie hesabu ambazo majibu ninayo? Tena kwa njia ile ya kizembe? Wenzangu wakijua, uso nitauficha wapi?"

"Kaufiche kwa mama. Vifaranga ni wake, nimeshamwahidi. Nenda ukamweleze wewe mwenyewe."

Profesa alimwogopa mama mkwe kuliko virusi vya kompyuta. Mbio mbio akaiondoa njia yake mpya, akairudisha ile kongwe, akaiamuru mashine ianze upya. Feni ikakohoa, ikanguruma. Akakaa, kiganja juu ya kikapu. Mkewe naye akavuta kiti, akatega sikio kikapuni.

Ko. Ko-ko. Ganda likapasuka.

"Huyo! Huyo anatoka!" Profesa alipiga kelele ambazo hakuna namba tasa iliyowahi kumtoa.

Walitoka wote, ila yai moja lilikuwa viza tangu mwanzo. Hilo tusiisingizie hesabu.

Kwa kuwa muungwana hafichi, Profesa aliwasimulia wenzake, akaongeza kwenye maktaba chaguo liitwalo "kuku": hupiga hesabu polepole, hutoa joto. Kisha akasubiri kuchekwa. Jibu la kwanza lilitoka kwa mtu wa mbali asiyemjua hata kwa sura.

"Ahsante sana, ndugu. Mayai ya bata je, yatafaa?"