Daftari la Vipimo

Shangazi Sindano, fundi cherehani, aliwaka siku binti wa kaka yake alipomsomea masharti ya mtandao anakoweka picha za magauni yake. Kumbe wenye mtandao wanaruhusiwa kuzitumia wapendavyo!

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yako, shangazi. Ulibonyeza 'Nakubali'."

"Mimi nilidhani ni adabu tu!"

Akafuta akaunti papo hapo, akifoka kwamba cha mtu kirudi kwa mwenyewe.

Hasira hazijapoa, akaingia mteja wake wa miaka mingi. Alikuwa anahama mji, akaomba anakiliwe vipimo vyake ampelekee fundi mpya.

Shangazi akalikumbatia daftari lake kifuani.

"Kiuno ni chako, mama, hilo sibishi," akasema. "Ila aliyekipima ni mimi."