Kitabu Alicholeta Mkwe

Kila kitabu cha watoto kilichoingia katika nyumba ile ya Area D, Dodoma, kilipita kwanza mikononi mwa Bi Mwantum, na vingi havikutoka salama. Alivikagua kama mbuzi wa mnadani: akapapasa jalada, akanusa karatasi, kisha akatazama picha mojamoja huku midomo ameibana. Kimoja kilikuwa na nguruwe aliyevaa kofia; hicho kilirudishwa dukani siku hiyohiyo. Kingine kilikuwa na mtoto anayemtolea baba yake ulimi, nacho kikaishia juu ya kabati. Vilivyofaulu vilikuwa vitatu tu, cha wanyama, cha matunda na cha magari, na kila alasiri baada ya swala alimpakata mjukuu wake Munira, mwenye miaka minne, wakavisoma kwa sauti.

Kusoma tunasema kwa heshima tu. Msahafu Bi Mwantum aliusoma bila kukwama, kwani kule Kondoa baba yake alimpeleka chuo cha Kurani angali mdogo, na shule hakuona haja nayo. Lakini herufi za vitabu vya Munira hakuijua hata moja. Alitazama picha, akatunga ya kwake: nanasi likaolewa, lori likagombana na bajaji. Munira hakuwahi kulalamika, na watu wazima wa nyumba ile hawakuwahi kuuliza. Bi Mwantum naye hakuona sababu ya kujitangaza.

Aliyemtia wasiwasi ni Nasra, mkwewe. Nasra hakuwa amemkosea kitu, na hilo hasa ndilo lililomnyima bibi raha. Mkwe anayeamkia kila asubuhi, anayetoka kazini Mtumba akapitia kununua dawa ya presha bila kukumbushwa, anatafuta nini? Khalidi, mwana wa pekee wa Bi Mwantum, siku hizi alikaa wiki nzima Chemba akinunua mbuzi, hivyo hapakuwa na wa kumuuliza. Tena mara mbili alimsikia Nasra kwenye simu akitaja shule ya awali, na mara zote mbili sauti ilishuka alipoingia. Munira akienda shule, bibi atabaki wa nini? Atapandishwa basi arudishwe Kondoa, na ataambiwa ni kwa ajili ya kupumzika.

Ijumaa moja Nasra alirudi na kitabu kipya. Kwenye jalada palikuwa na bibi amemshika mtoto mkono.

"Shikamoo mama. Nimekiona hiki nikakukumbuka. Nimekichagua mwenyewe."

"Marahaba," alijibu Bi Mwantum, na machale yakamcheza. Amekumbukwa kwa lipi?

Aliingia nacho chumbani, akaketi kwenye mkeka, akakifungua kutokea upande wa kulia, kama alivyofungua vitabu vyote maishani mwake. Katika vile vitatu haikuwa na neno. Twiga akimtangulia simba au akimfuata, ni yaleyale. Hiki kilikuwa na kisa. Picha ya kwanza aliyoiona, bibi na mtoto wanakula ugali pamoja. Ya pili, bibi amembeba mtoto mgongoni, wako njiani. Ya tatu, wako sokoni, mtoto yuko chini ameing'ang'ania sketi ya bibi. Ya nne, bibi yuko peke yake katikati ya watu. Ya tano, mtoto amejificha nyuma ya magunia, analia. Ya mwisho, mtoto peke yake, amezungukwa na miguu ya watu asiowajua.

Mambo haya Bi Mwantum aliyajua. Mumewe alipofariki, Khalidi akiwa na miaka minne, alimbeba mgongoni mpaka kwa shangazi yake kijijini, akamtua karibu na ghala, akamwambia anakwenda kisimani, kisha akapanda lori kuja Dodoma kuuza vitumbua. Alikaa miaka miwili. Shangazi alifariki zamani. Aliyebaki na habari ile ni Khalidi. Kwa hiyo amesema, na mkewe amekwenda dukani kutafuta njia ya kumfikishia: wewe uliyemtupa wa kwako, wetu tukuachie vipi?

Alikisukumia kitabu chini ya godoro. Siku mbili hakumtazama Nasra usoni, na Munira alipokiulizia kitabu cha bibi, aliambiwa kimeliwa na panya. Jumapili Nasra aliingia chumbani akamkuta anapanga kanga zake ndani ya begi.

"Mama, unasafiri?"

"Umenifukuza kwa picha. Sitangoja unifukuze kwa mdomo."

"Picha gani, mama?"

Bi Mwantum alikichomoa kitabu akakitupa mkekani. "Nilimwacha, ndiyo. Nilimdanganya nakwenda kisimani. Tulikuwa na njaa, mimi na yeye. Unataka niseme nini tena?"

Nasra alikaa chini taratibu. "Nionyeshe," alisema kwa upole.

Bi Mwantum akafungua kutokea kulia, akagonga kila picha kwa kidole. Hapa wanakula. Hapa anambeba. Hapa anamtua. Hapa anaondoka zake. Nasra aliutazama ule mkono unavyofunua kurasa, akaelewa, na hakucheka. Alikichukua kitabu, akaanzia upande wa pili, akasoma huku kidole kikitembea chini ya maneno. Mtoto amepotea sokoni. Mtoto analia. Bibi anamtafuta. Bibi amempata. Anambeba mpaka nyumbani. Wanakula.

Bi Mwantum aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Siri mbili alizozitunza miaka yote zilikuwa zimetoka kinywani na mkononi mwake mwenyewe, bila kuulizwa.

"Na hiyo shule ya awali?" aliuliza, maana shaka haikumwishia hivihivi.

"Ni ya asubuhi tu, mama. Nilitaka kwanza Khalidi akuombe ruhusa. Mchana akirudi, nani atampokea kama si wewe?"

Kisha Bi Mwantum akauliza alilokuwa akiliogopa. "Khalidi hakukwambia?"

"Habari za kwa shangazi? Husimulia kila tukienda Kondoa."

"Husemaje?"

"Husema lori lilisimama, ukashuka na vumbi lako, umeshika viatu vipya mkononi. Husema ulimtambua katikati ya watoto wote ingawa alikuwa amerefuka. Huanzia hapo. Ya nyuma ya hapo nimeyasikia kwako leo."

"Viatu havikumwingia," alisema Bi Mwantum. "Nilivinunua kwa kipimo cha mguu niliouacha."

"Hilo hajawahi kulisema," Nasra alijibu.

Hapo Bi Mwantum akalia, mbele ya mkwe wake, wala hakutafuta kanga ya kujifunika uso.