Dukani Hapapigwi Hodi

Nakumbuka mchana mmoja nimekaa kwenye kigoda ndani ya duka la shangazi yangu, pale Dunda, Bagamoyo, nimeshika simu kwa mikono miwili. Naandika sentensi moja, naifuta. Naiandika tena, naifuta. Shangazi Zuhura anauza kanga na vitambaa vya magauni. Siku hiyo alikuwa akimpimia mteja kitambaa, na kila akivuta pima moja ananitupia jicho.

Rukia, mwanangu. Nakuita mwanangu kwa ukoo tu, kwa kuwa mama yako ni dada yangu. Miaka tuliyopishana mimi na wewe haitoshi kunifanya bibi kizee. Lakini umeniuliza utapataje kazi huko Ujerumani ukimaliza chuo, ukasema nikujibu kama mzee wako. Basi leo nimekalia kiti cha wazee. Maneno yakiwa marefu unisamehe. Unanijua, mimi huwaza jambo mpaka lenyewe linachoka.

Mchana ule nilikuwa nimeshamaliza shahada yangu ya sayansi ya chakula. Mhitimu wa kule Ujerumani hupewa kibali cha kubaki kwa muda atafute kazi ya fani yake. Muda ukiisha na mkataba huna, unafunga mabegi. Kibali changu kilikuwa kinaelekea ukingoni, nami nilikuwa nyumbani kwa ajili ya harusi ya Mwanaidi, binti wa Shangazi. Watu wote walikuwa wanawaza pilau. Mimi nilikuwa nawaza kwamba huenda sitarudi tena kule ila kuchukua vitu vyangu.

Na kazi ilikuwepo. Kiwanda kimoja cha kusindika samaki, katika mji wa bandari wa kule kule, kilitangaza kinatafuta mtu wa maabara wa kupima samaki wakavu na wa moshi. Utafiti wangu wote ulikuwa juu ya hilo hilo. Samaki niliowapima walitoka Saadani. Nilikaa kule likizo nzima kwenye vichanja vya kuanikia mpaka nguo zangu zikawa haziruhusiwi kuingia ndani. Nikasoma lile tangazo nikaona kama limeandikwa na mtu anayenijua. Nikaomba. Kimya. Nikaandika kukumbushia. Kimya. Nikaandika mara ya tatu, kisha nikaacha.

Kwa nini niliacha? Kwa sababu nimelelewa Bagamoyo. Sisi tumefundishwa kwamba ukifika mlangoni kwa mtu unapiga hodi, unasubiri. Unapiga ya pili, unasubiri. Ya tatu isipojibiwa unageuka, unaondoka bila kinyongo, kwa sababu mwenye nyumba ana sababu zake. Sikukaa chini nikaamua kuwafanyia Wajerumani hivyo. Mwili wenyewe uligeuka mlangoni.

"Unamwandikia nani huyo ambaye humalizi?" Shangazi akaniuliza.

Nikamweleza. Nikamwambia najaribu kuandika mara ya nne lakini nafsi inakataa, naona nitakuwa nasumbua. Akataka nimsomee nilichowaandikia mara ya tatu, kwa Kiswahili. Nikamsomea: samahani kwa usumbufu, naelewa mna shughuli nyingi, iwapo mtapata nafasi, na kama si tabu.

Mteja ndiye aliyeanza kucheka. Shangazi hakucheka.

"Umewavunjia nini?"

"Sijavunja kitu, Shangazi."

"Sasa samahani ya nini?"

Nikamwambia hiyo ni adabu. Nimepiga hodi mara tatu, hawakuitika, mtu mwenye adabu anaondoka. Nilisema kwa fahari kidogo, nikidhani atafurahi kwamba Ulaya haikunibadilisha.

Shangazi akaweka mkasi chini. "Huyu mama hapa ameingiaje?"

"Ameingia tu."

"Kapiga hodi?"

"Hodi ya nini dukani?" mteja akajibu mwenyewe.

"Umesikia? Hodi ni ya nyumba. Ndani kuna mtu kalala, kuna mwanamke hajajisitiri, kuna watu wanakula na chakula hakitoshi, ndiyo maana unasimama nje uwape nafasi. Hao wako wametangaza wanatafuta mtu. Nyumba gani inatangaza? Hilo duka, mwanangu. Dukani hapapigwi hodi. Unaingia, unauliza kitu kipo au hakipo, na wakikwambia hakipo unauliza kinakuja lini."

Usidhani Shangazi anajua kila kitu. Yeye mpaka leo anaamini Ujerumani unaweza kuvuka kwa basi kutoka Maka. Na ushauri wake uliofuata ulikuwa mbovu kabisa: niwapigie simu, niwaambie kuna kiwanda kingine kinanigombania. Nikakataa.

"Hakipo, Shangazi."

"Watajuaje?"

"Mimi nitajua."

"Haya, msomi. Piga bila uongo. Lakini piga."

Nikapiga nikiwa nimesimama katikati ya majora ya vitambaa. Akapokea mwanamke wa ofisi ya ajira ya kiwanda, mpole, sauti ya mtu aliyechoka. Akaniambia maombi yangu wameyaona, ila suala la kibali cha mgeni lina usumbufu wake. Akashauri nianze na mafunzo ya miezi sita, halafu itajulikana. Rukia, sikiliza hapa. Mafunzo si mkataba. Kibali changu kingekufa nikiwa katikati ya mafunzo hayo, na wao wasingekuwa wamevunja ahadi yoyote, kwa kuwa hawakuahidi kitu. Na yule mama wa kwenye simu alisema kwa namna ya mtu anayekupa zawadi.

Kichwani nilikuwa na majibu kumi na yote yalianza na asante sana. Lakini Shangazi alikuwa ananitazama, na yule mteja naye, kitambaa chake kimesahaulika. Nikasema kwa Kijerumani, polepole nisikosee: "Nashukuru, lakini sikuomba mafunzo. Niliomba kazi mliyoitangaza, na sifa mlizoandika ninazo. Kama ipo nisiyo nayo, niambie ni ipi."

 Akasema atamweleza mkuu wa maabara, akaniaga.

Nikarudi kwenye kigoda. Nikawatafsiria. Mteja akatikisa kichwa. "Mbona sauti ilikuwa kama unadai chenji?"

"Chenji ni haki ya mtu," Shangazi akasema, akashika tena mkasi.

Habari haikai Dunda. Jioni yake Mzee Seif, mwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa barabara, alikuja kusimama mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniambia amesikia Wazungu wamenipa mafunzo nikakataa. Akasema mtu mwenye shida akipewa mkono mmoja haombi na wa pili. Babu yake mwenyewe, akasema, alifika pwani hii kutoka Omani na akapokea alichopewa.

"Wewe una shida, halafu unachagua?"

"Nachagua, babu."

"Na wakikunyima?"

"Watakuwa wameninyima kazi. Hawatakuwa wamenipa kitu kingine wakakiita kazi."

Akacheka, akasema kwa mdomo huo nitaolewa na nani.  Lakini usiku ule, na kila usiku uliofuata, niliirudia ile simu neno kwa neno. Nilijiona mpumbavu, nikajiona shujaa, nikajiona mpumbavu tena. Kusimama imara hakukunitoa hofu, Rukia. Nilisimama nayo.

Siku ya hina ndiyo waliponipigia. Tuko nyumbani kwa Shangazi, wanawake wamejaa kwenye mikeka, na mimi nimeshapakwa piko, ile rangi nyeusi ya maua, mpaka viwiko, mbichi kabisa. Simu ikaita chini, namba ya kigeni. Siwezi kuigusa. Shangazi akawaruka watu, akafuta mkono kwenye kanga yake, akaniwekea simu sikioni, na kwa mkono wa pili akanyamazisha chumba kizima. Sijawahi kuona wanawake wa Dunda wakinyamaza kiasi kile.

Alikuwa mkuu wa maabara. Hakuzunguka. Akaniuliza kwa nini mtu asiye na uzoefu anakataa mafunzo. Ingekuwa barua, ningemjibu baada ya wiki, tena kwa samahani. Lakini sikuwa na kalamu wala mikono. Nikamwambia: "Kwa sababu mngekuwa mnanifundisha kile nilichowaandikia. Nimekaa na watu wanaoanika samaki kwenye jua la kwetu. Najua samaki anayeharibika kabla hajaanza kunuka."

Akauliza kama naweza kufika Ijumaa tuonane ana kwa ana. Nikamwambia Ijumaa namwoza ndugu yangu, nitafika Jumatatu inayofuata. Ndani yangu kulikuwa na mtu anapiga kelele kwamba nimeharibu. Yule bwana akasema Jumatatu ni sawa.

Kwenye treni kuelekea huko niliitazama mikono yangu, piko bado jeusi, maua mpaka kwenye vidole. Nikafikiria glovu. Nikafikiria kuikunja mapajani. Niliwaza hivyo vituo vyote vya njiani. Nilipoketi kiwandani mbele ya wasaili watatu, niliiweka juu ya meza. Mmoja akauliza ni nini. Nikamwambia ni harusi ya nyumbani kwetu, kisha nikafungua matokeo ya vipimo vyangu. Tukazungumza samaki mpaka chai ikapoa. Mkataba ulifika kabla kibali hakijaisha, kikiwa kimebakiza muda mfupi tu. Nisikudanganye kwamba ni ule ujasiri peke yake. Viwanda vingine viwili nilivyovipigia kabla ya Jumatatu ile vilinikataa. Ila safari hii niliviuliza kwa nini, na kimoja kikanijibu kweli.

Nilipokuja likizo ya kwanza nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Shangazi, nyumbani, si dukani. Mlango uko wazi. Nikasimama kwenye ngazi ya baraza nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili. Nasikia vyombo ndani, lakini kimya. Nikapiga ya tatu, nikaanza kuinua begi langu.

"Karibu, karibu," akaitika anacheka. "Nimekusikia tangu ya kwanza. Nilitaka kujua kama Ulaya imekufundisha kuingia."

Basi mwanangu, hili ndilo ninalokupa. Huko uendako watu watakwambia ushukuru kwa kila kitu, hata kwa kile kinachokupunguza. Shukuru kwa wema, usishukuru kwa dharau. Barua yako isianze kwa kuomba radhi kama hujamkosea mtu. Wakinyamaza, uliza. Wakikataa, uliza sababu, kisha nenda kwa mwingine kichwa kikiwa juu. Wakikupa kitu ambacho hukuomba, kipime kwanza kama kitakubakisha au kitakumaliza. Usiseme uongo, hata Shangazi akikusihi. Na muda ukiisha bila kazi, rudi nyumbani mchana kweupe, usiingie Bagamoyo kwa kificho. Hujaiba kitu cha mtu. Wewe hukwenda kuomba hifadhi kwenye nyumba yao. Ulikwenda na kazi ya mikono na kichwa chako, nao wametundika tangazo mlangoni.

Hodi yako usiitupe. Itunze kwa nyumba za watu, urudi nayo kama ulivyoondoka nayo.

Mwenyezi Mungu akutangulie, Rukia. Akupe ulimi usiotetemeka hata magoti yakitetemeka. Penye duka uingie, penye nyumba ukaribishwe, na siku utakayosimama kwenye ngazi ya baraza yangu, nitakuitika kwa hodi ya kwanza. Amina.