Fundi Aliyetaka Kufuta Kila Kitu

Fundi wa Mbarara hakufungua hata skrubu moja. Aliwasha kompyuta yangu, akatupia jicho maandishi meupe yaliyotokea kwenye kioo cheusi, akaifunga.

"Nyabo, hii imekufa. Mimi nafuta yote, naweka Windows mpya. Kesho unachukua."

"Na mafaili yangu?"

"Mafaili ya kambini?" Akamtazama mwenzake, wakacheka.

Humo mlikuwa na barua nilizowaandikia majirani zangu wa Rubondo, mtaa wetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Wakongo na Warundi waliokuwa wakitafuta ndugu waliopotezana nao njiani. Walikaa mlangoni kwangu wakasimulia, nami nikachapa. Baadhi yao tumeshawazika. Kisha siku moja umeme wa sola ulikatika mashine ikiwa katikati ya kujisasisha, na tangu hapo haikuwaka vizuri tena. Fundi hakuuliza lolote kati ya hayo. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi na ndevu zimechongwa kwa rula. Swali moja tu ndilo lililomshinda.

Nikaibeba mashine yangu nikarudi nayo Nakivale.

Jirani yangu, mama wa Kirundi, muuza maharage ambaye zamani alitunza kompyuta za ofisi huko Bujumbura, alinisikiliza huku akipepeta.

"Alipima disiki?"

"Hakupima kitu."

"Sasa alijuaje kama imekufa?" Akasonya.

Alichomeka flashi yenye mfumo mwingine, akaiwasha mashine kwa huo bila kuigusa disiki. Folda zangu zikatokea zote. Nikapiga vigelegele.

"Ngoja, mama. Umeona majina tu. Fungua."

Nikafungua barua ya kwanza: ipo. Ya pili: ukurasa mtupu. Hapo nilijiona mjinga kuliko fundi. Miaka yote niliamini kile kipicha cha folda kama kabati la mbao. Yule mama akanieleza kwamba disiki ina orodha yake inayoonyesha kila faili limekaa fasi gani, na umeme ukikatika ghafla orodha hubaki nusu.

"Tunakili kwanza, ndiyo tuitengeneze. Ukitanguliza kutengeneza, mashine yenyewe itaamua cha kutupa."

Tulinakili siku mbili. Ndipo akairuhusu programu ikague disiki na kurekebisha orodha, kisha akatengeneza sehemu ya kuwashia. Kompyuta ikaamka kana kwamba haijatusumbua.

Barua tatu zilibaki tupu. Wenye mbili niliwafuata, wakanisimulia upya, mmoja akinung'unika kwamba mashine yangu haina adabu. Wa tatu, mzee aliyemtafuta binti yake, alikuwa ameshafariki. Nilikumbuka jina la binti na soko walikopotezana. Mengine aliyoniambia asubuhi nzima siyajui. Nilikuwa nachapa tu, sikuwa nikimsikiliza.