Skrubu Ndefu Kwenye Tundu Fupi

Saa tatu na robo asubuhi, kwenye korido ya ghorofa ya pili, mwanamke wa miaka thelathini na sita ameinamia hadubini na hapumui. Kwa ncha ya kibanio anahamisha kipande cha chuma kidogo kuliko chembe ya chumvi. Kinapotua mahali pake, anashusha pumzi na kumgeukia mteja aliyesimama mgongoni kwake dakika tano nzima.

"Haya, karibu sasa. Ningekuitikia mapema, hiki kingeruka na tusingekiona tena mpaka kiama."

Meza yake haizidi urefu wa kitanda cha mtoto. Juu yake kuna mita ya kupimia umeme, chuma cha kulehemu, kipuliza joto na bodi za simu zilizochunwa kama samaki. Mpaka wiki iliyopita korido hii ilikuwa na mafundi kumi na wawili, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Wanamwita Hadubini, kwa sababu chombo hicho alikinunua kabla hajanunua kiti. Miezi miwili alifanya kazi wima.

"Walisema huyu anatafuta vijidudu kwenye simu," anasema. "Siku hizi wanakuja kuazima. Wakishaona vijidudu vyao, wananirudishia."

Shule aliishia kidato cha pili. Ufundi alianzia nyumbani, kwa kuifungua redio ya mjomba wake na kushindwa kuifunga. "Mjomba alinichapa. Wiki ile ile akaniletea ya jirani."

Kwa wiki anapokea simu kama ishirini. Kodi ya meza humeza mapato ya siku kumi na mbili kila mwezi. Zilizobaki zinamlisha yeye, mama yake na watoto wawili.

Jumamosi mchana ndiyo siku yake. Wanawake sita wa kazi hii hukutana katika chumba cha nyuma cha saluni, kila mmoja na bodi iliyokufa mkononi. Wanabadilishana, kisha wanashindana nani atafufua ya mwenzake. Hubishana kuhusu joto la chuma cha kulehemu kama wengine wanavyobishana kuhusu mpira, mpaka wasusi wanagonga ukuta.

"Wengine wanakusanya vyombo vya kabatini, sisi tunakusanya maiti," anasema Hadubini.

Kikundi kina sharti moja. Huwezi kujisifu umefufua nini kabla hujasimama ukasema wiki hiyo umeharibu nini, na likaandikwa kwenye daftari. Asiyeharibu, wanasema, hajashika kazi.

Mwezi uliopita sharti hilo lilitoka saluni likamfuata koridoni.

Mkunga mmoja wa makamo alileta simu iliyovunjika kioo. Hadubini akabadilisha kioo, akafunga, simu ikawaka. Asubuhi iliyofuata ilirudi imekufa kabisa. Mkunga akaiacha mezani, akasema atapita baadaye.

Hadubini alipoifungua aliona kosa lake mwenyewe. Simu ile ina skrubu zinazofanana kama pacha, ila moja ndefu kidogo kuliko nyingine. Ndefu alikuwa ameikaza kwenye tundu la fupi, nayo ikapenya ikatoboa bodi.

Fundi wa meza ya jirani, anayeitwa Bosi Chaja, alichungulia.

"Dada, mwambie simu ilikuja na maradhi yake. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe si mtu, wewe ni fundi!"

Korido nzima ilicheka. Lakini Hadubini alikuwa na hesabu nyingine kichwani. Ijumaa ya wiki hiyo mafundi walikuwa wapige kura kama mwanafunzi wake wa miaka miwili apewe meza yake mwenyewe. Mwanafunzi huyo, mmoja wa wale wanawake sita wa saluni, zamani alikuwa fundi nguo, ndiyo maana anaitwa Cherehani.

"Wakikosea wao, simu ilikuwa mbovu. Nikikosea mimi, wanawake hawawezi," anasema. "Nilijua nikifungua mdomo, huenda naifunga meza ya Cherehani."

Akampigia mkunga kwenye namba ya kazini kwake aliyoiacha. Mkunga akaja.

"Mama, nimeiharibu mimi. Nimekosea skrubu, imetoboa bodi. Naomba unipe mpaka kesho saa sita."

"Wajawazito wangu wamo humo," mkunga akasema. "Kumi na mmoja wanajifungua mwezi huu. Watoto hawasubiri saa sita, mwanangu."

Basi kazi ikaanza pale pale, mkunga akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mwenyekiti wa korido naye akasogea, maana habari haina miguu lakini inafika.

Bodi ya simu ni kama kurasa zilizogandishwa pamoja. Skrubu ilikuwa imekata njia tatu za umeme kwenye kurasa za ndani. Ilibidi kuparua taratibu mpaka zionekane, kisha kuziunga kwa waya mwembamba kuliko unywele. Hadubini aliunga mbili. Kwenye ya tatu mkono ukamtetemeka, akajaribu tena, ukatetemeka tena.

Akanyanyuka. "Cherehani, kaa."

"Sasa unampa mwanafunzi?" Bosi Chaja akauliza.

"Nampa mwenye mkono uliotulia."

Cherehani alikaa dakika arobaini. Katika muda huo alisema neno moja tu: "Hii ni kama kumshonea chawa kifungo."

Simu iliwaka. Kamera haikupona na haitapona. Namba zote mia sita na kumi na moja zilihamishiwa kwenye kadi ya kumbukumbu kwanza, kabla ya lingine lolote. Mkunga akampigia mmoja wa wajawazito akiwa bado amesimama pale.

"U hali gani, mwanangu? Bado? Haya, tembea tembea."

Alipokata, akamwambia Hadubini, "Mimi nikikosea kazini siwezi kusema mtoto alikuja hivyo." Kisha akaongeza, "Na kamera nataka."

Ijumaa mwenyekiti aliwasimulia wenzake yote, kosa na mshono. Mafundi kumi na mmoja walipiga kura; Hadubini hakupiga. Sita walikubali, watano walikataa. Mmoja wa waliokataa hajifichi: "Mtu anayetangaza makosa yake atatufukuzia wateja sote."

Mwenyekiti ana jibu lake. "Niliwauliza, nani hapa hajawahi kutoboa bodi? Wote wakaangalia dari."

Meza ya Cherehani imeletwa Jumatatu hii, bado inanuka vanishi. Hadubini anataka wale wanne waliobaki wa saluni nao wapate zao, popote zitakapopatikana, na mwisho wa mwaka afanye mtihani wa ufundi ili apate cheti na aruhusiwe kufundisha. Somo la kwanza la kukaa peke yake ameshampa Cherehani.

"Nimemwambia, utaharibu tu. Ukiharibu, mpigie mwenye simu kwanza. Mimi unipigie baadaye."