Mlango wa Kumbikumbi

Walisema sitaweza kumpiga picha siafu akaonekana miguu. Walisema mvua za kwanza zikinyesha nitakuwa nimeshapanda treni kurudi Dar es Salaam. Kinyozi mmoja wa Kashaulili, mtaa wa mjini kwetu, ambaye kibanda chake kilikuwa kama baraza la mji, alinitangaza kwa wateja wake kuwa bwana shamba asiye na shamba. "Kasoma mpaka diploma," alisema huku ananinyoa, "sasa anafuga nzi." Watu walicheka, nami nikacheka nao, maana wembe ulikuwa shingoni mwangu.

Naandika haya nikiwa nimeweza, na sioni sababu ya kulificha hilo. Niliondoka mtaani kwetu Shanwe na begi moja lililofungwa kwa kamba, nikajisomesha kwa kubeba magunia, nikapata diploma ya kilimo, nikarudi nayo katikati ya miaka ya tisini, wakati serikali ilikuwa haiajiri. Wenzangu walibaki mjini wakisubiri barua. Mimi sikusubiri. Nilimwandikia mkufunzi wangu wa zamani kwamba chuo kinafundisha wadudu wa mazao kwa michoro iliyofifia, na kwamba naweza kuwapelekea picha za wadudu wenyewe, wakiwa hai kwenye mashamba yetu. Akajibu kwamba wanataka picha arobaini za rangi, zionekane mpaka vipapasio, zifike mavuno yakianza. Zikiwa na ukungu, hawatalipa.

Peke yangu nisingefika, hilo nakiri. Kamera niliinunua kwa hela ya mfugaji wa Kisukuma aliyehamia nje kidogo ya mji na ng'ombe wake. Aliuza mtamba mmoja akanikopesha, kwa sharti moja: mavuno yakiisha sijamlipa, kamera inauzwa. Hela ya filamu ilitoka kwa shangazi yangu, muuza dagaa sokoni. Baiskeli ya kwenda mashambani ilikuwa ya fundi saa, jirani ya meza ya shangazi, aliyeniachia kila asubuhi mpaka anapofungua kazi.

Filamu ya kwanza niliituma Tabora kwa treni ikasafishwe. Baada ya wiki mbili nilifungua bahasha pale pale sokoni. Shangazi alifuta mikono, akachukua picha moja, akaigeuza juu chini.

"Baba, huyu ni mdudu gani?"

"Panzi, shangazi."

"Panzi mbona kama moshi?"

Fundi saa aliomba kuona kamera. Aliitazama kama anavyotazama saa iliyosimama, akachomoa lenzi, akaigeuza nyuma mbele, akaishikilia mdomoni mwa kamera, akachungulia kucha yake. "Wewe mwenye diploma," alisema, "hebu angalia." Kucha ilikuwa imejaa dirisha zima la kamera, na mistari yake yote. Tukaifunga lenzi hivyo hivyo kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Chuoni hawakunifundisha hilo. Nilifundishwa na mtu aliyeishia darasa la saba, na mpaka leo namshukuru.

Ila lenzi iliyogeuzwa ina masharti yake. Unamkaribia mdudu mpaka kiganja kimoja tu, na ukisogea kidogo anapotea. Hapo ndipo nilipojifunza kuamka. Alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani, wadudu wana baridi na hawaruki. Nililala kifudifudi kwenye mahindi ya watu ya kiangazi, kule bondeni, pumzi nimeibana, na niliyoyaona sikuwahi kuyaona miaka yote niliyolima kwa jembe. Nilimwona panzi mchanga akining'inia kichwa chini, akijivua ngozi polepole kama mtu anayevua soksi iliyolowa, kisha akikaa kando ya ile ngozi yake, mweupe, akisubiri kukauka. Nilimwona vunjajungu akisafisha mkono wake kwa mdomo, kidole kwa kidole, mtu angedhani ametoka kula ugali. Siku nyingine nilisahau kubonyeza. Nilishukuru tu kwamba macho yangu mawili yalikuwa mazima.

Mvua zilipoanza nilikuwa na picha thelathini na tisa nzuri. Iliyobaki ilikuwa ya mchwa wenye mabawa, kumbikumbi, wakitoka ardhini. Kila nilipojaribu walitawanyika hewani kabla sijamkamata hata mmoja. Jioni moja, mvua imekatika, nilipita nyuma ya Shanwe nikaona kichuguu kimefunikwa kwa fito na majani mabichi. Ndani nilisikia mabawa yakikwaruza. Nikafikiri juu ya mwanga tu. Nikayaondoa majani yote.

Walipanda kama mvuke wa sufuria. Nilibonyeza mara sita bila kulenga chochote. Nilipogeuka, mama mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo tupu.

"Nani kakwambia ukifunue?"

"Napiga picha tu, mama."

"Picha inaliwa?"

Kwetu kichuguu kina mwenyewe, kama mwembe ulivyo na mwenyewe. Anakifyekea, anakilinda, na kumbikumbi wake ni kitoweo cha nyumba yake na hela yake ya chumvi ya mwezi. Hata mtoto mdogo anajua hivyo. Mimi nilikulia hapo hapo, nikalijua hilo nikiwa sijui kusoma, kisha nikaenda kusomea wadudu nikalisahau. Katika kazi yote ile, hilo ndilo lililonitia aibu.

Yule mama hakupiga kelele. Alisema ana kichuguu cha pili, kitatoka mvua ikinyesha tena, na kwamba nitakuja kufanya kazi mpaka ndoo yake ijae. "Ikijaa, ndipo upige hizo picha zako. Isipojaa, mimi na wewe tuna kesi."

Nilikwenda. Alinifundisha kusimika fito, kufunika majani mpaka giza liwe kamili ndani, kisha kuacha mlango mmoja mdogo upande wa jua, na mbele yake shimo lililosiribwa udongo laini. Kumbikumbi hufuata mwanga. Walikuja wote pale mlangoni, wakisukumana, wakaanza kuporomoka shimoni, nasi tukachota. Ndoo ilipojaa niliona nilichokuwa nakitafuta mwezi mzima: wadudu mia wakipita sehemu moja isiyozidi upana wa kiganja, mmoja mmoja, na jua la jioni likipenya mabawa yao.

"Haya," alisema yule mama, akakaa juu ya jiwe. "Piga."

Nilipiga filamu nzima. Mkufunzi aliandika kwamba katika picha zote arobaini, ya kumbikumbi mlangoni ndiyo wanafunzi waliyoisogelea. Chuo kililipa wakati mahindi yakiwa bado yanaanikwa.

Siku hela ilipofika nililipa watu wote kabla sijanunua hata sabuni. Shangazi alifunga yake kwenye pindo la kanga bila kuacha kumpimia mteja dagaa. Fundi saa alikataa noti, akakubali matairi mawili mapya. Yule mama nilimpelekea picha ya mlango wake, akaitazama sana, akaniuliza kama chuoni wanajua kichuguu kile ni cha nani. Nikamwambia nimeandika nyuma ya picha.

Mfugaji nilimkuta zizini saa kumi. Alipokea hela yake, akaitia mfukoni.

"Nilijua panzi wameshaila," alisema.

Miguuni pake mdudu mweusi alikuwa anaviringisha donge la mavi ya ng'ombe kubwa kuliko yeye, kinyumenyume, akipanda ukingo wa alama ya kwato, akianguka, akipanda tena. Hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Nilifungua mkoba, nikalala kifudifudi na shati langu la siku ya malipo, nikapiga picha moja kwa kamera yangu mwenyewe.